Uwiano wa gia wa MGB

Uwiano wa gia ni idadi ya mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. MGB, gari la spoti lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, lina gia nne za mbele. Uwiano wa gia ya nne ni 1.00, na wa difu, yaani gia za mwisho kati ya shafti hiyo na magurudumu, ni 3.909. Baadhi ya magari hayo yalifungwa ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, yenye uwiano wa 0.82, ambayo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hushusha injini kutoka takriban mizunguko 3,500 hadi 2,850 kwa dakika. Difu yenye uwiano mkubwa zaidi huliwezesha gari kuchomoka na kupanda mlima kwa wepesi, lakini injini huzunguka zaidi kwenye barabara kuu. Difu ikibadilishwa, spidomita nayo hurekebishwa, kwa kuwa huendeshwa kutoka kwenye giaboksi.