Semina za Wahadhiri wa Sheria na Ukanda wa Dhahabu

Semina ya wahadhiri wa sheria ni kikao ambacho mwalimu huleta andiko lake kabla halijachapishwa, ili wenzake walipekue. Andiko husambazwa mapema. Mtoa mada hueleza hoja yake kwa ufupi, mchokoza mada humjibu, kisha mwenyekiti hufungua mjadala. Hapo ndipo hukumu iliyosomwa vibaya, kifungu kilichokwisha kufutwa au dai lisilo na ushahidi hutakiwa kuonekana, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Nchini Tanzania desturi hii imekua pamoja na Kitivo cha Sheria, kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wake wa kwanza alikuwa A. B. Weston, na William Twining na Patrick McAuslan walikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo. Mwaka 1968 kikapata jarida lake, Eastern Africa Law Review.

Mkoa wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma na ukanda wa dhahabu, uliwapa wasomi hawa maswali mazito kuliko mikoa mingi. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na kazi hiyo ikamwandaa kwa mradi wa kuunganisha sheria za kimila uliozaa matangazo ya serikali ya mwaka 1963. Mila zilizokuwa zikijadiliwa na wazee zikageuka vifungu. Tangazo la urithi la mwaka huo lilimpa binti daraja la mwisho na kumnyima mjane fungu katika mali ya mumewe. Wanasheria wamelikosoa kwa miongo kadhaa, na wana haki ya kulikosoa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 likazuka huko sungusungu, jeshi la wanavijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe. Je, mwanakijiji anaweza kukamata, kuhoji na kutoza faini? Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria ya mgambo ili kulipa sungusungu mamlaka ya kukamata. Swali hilo halikuweza kujibiwa na wanasheria peke yao. Sufian Bukurura, mwanasheria, aliandika kuhusu kufukuzwa kwa watuhumiwa wa uchawi Kahama katika kitabu cha mwaka 1994 kilichohaririwa na Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge. Huo ni ubadilishanaji wa utafiti wenye maana: mmoja anajua kifungu, mwingine anajua jinsi kijiji kinavyokaa kikao.

Kisha ikaja dhahabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, kuipisha kampuni ya kigeni. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni, yaliyokanushwa na serikali na kampuni, yaliendelea kubishaniwa kwa miaka, wanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, wakiwa mstari wa mbele kudai uchunguzi. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Baada ya kamati ya Jaji Mark Bomani, sheria ya 2010 ikaupandisha hadi 4, na marekebisho ya 2017 hadi 6, pamoja na hisa za serikali zisizopungua asilimia 16. Aliyeongoza mazungumzo na kampuni ya dhahabu ya Barrick baada ya hapo alikuwa Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria. Hoja za darasani zilikuwa zimefika kwenye meza ya mkataba.

Lakini mikataba mikubwa imevuta macho mno. Huko Geita na Kahama, migogoro ya kila siku ni ya mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na vibarua wanaogawana mifuko ya mawe kwa makubaliano ya mdomo. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limeweka bei na kodi hadharani, ila halisemi nani anastahili mfuko upi kabla mawe hayajafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Sheria ya mikataba, ya ardhi na ya kazi zote zinakutana ndani ya duara moja, na maandiko juu yake ni machache kuliko yanavyohitajika.

Pia kuna suala la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ilhali maandiko mengi ya kitaaluma ya sheria bado ni ya Kiingereza. Mchimbaji anayeandikwa humo hawezi kuyasoma wala kuyapinga, na mtafiti hukosa mhakiki aliye bora kuliko wote.

Vitivo vya sheria vya Dar es Salaam, Mzumbe na Mtakatifu Augustino, Mwanza, vipeleke walau semina moja kila mwaka Kahama au Geita, andiko likiwa la Kiswahili, na mwenye duara apewe nafasi ya mchokoza mada.