Kidyakingo: Njaa Iliyowatoa Wazigua Kwao

Huku Garsen, mzee asiyekumbuka mwaka hukutajia njaa au mafuriko. Mto Tana ndio kalenda yetu. Basi niliposikia kwamba Wazigua wa Handeni nao wana njaa yenye jina, Kidyakingo, yaani kula ngozi, ikanikaa kichwani.

Ni miaka ya 1830. Mvua ilikata nyuma ya Tanga na Pangani, watu wakafikia kuchemsha ngozi za mifugo. Wafanyabiashara wa pwani wakaja na maneno matamu: ng'ambo kuna kazi na chakula. Simulizi za Wazigua wenyewe zasema walipanda majahazi kwa miguu yao, wakashushwa Barawa, Marka na Mogadishu, wakauzwa. Kazi kweli ilikuwepo, kwenye mashamba ya bonde la Shabelle. Malipo ndiyo hayakuwepo.

Chuo nilichokiacha mwaka wa pili kilitusomesha njaa ya viazi ya Ireland, iliyoanza 1845, ikaua kama watu milioni moja na kuwasukuma wengine hadi Glasgow. Ya Wazigua hakuna aliyeitaja. Mjukuu wa Muirishi leo hufungua daftari la parokia au la sensa akakuta jina la babu. Aliyeuzwa Barawa nani alimwandika?

Lakini walitoroka. Katika simulizi anayewaongoza ni mwanamke, Wanankhucha, na nia ilikuwa kurudi kwao kusini kwa miguu. Hebu fungua ramani: ukishika njia ya pwani kutoka Mto Juba hadi Handeni, Tana lazima uivuke, hukuhuku kwetu, kisha Sabaki. Hawakufika. Walikomea misitu ya Juba, mahali palipoitwa Gosha, wakafyeka, wakalima mahindi na ufuta, wakawa na vijiji vilivyojilinda vyenyewe. Wasomali waliwaita Mushunguli, jina linalohusishwa na Mzigula. Na Kizigua hawakukiacha, kizazi baada ya kizazi! Mimi Kipokomo cha bibi yangu nakisikia tu, nikijibu najibu kwa Kiswahili, na hakuna jahazi lililonibeba popote.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, wanamgambo wakapora maghala ya Juba na kuua wakulima. Watu wa Gosha, Wazigua na wasio Wazigua, wakakimbilia Dadaab, huko juu ya Garissa. Kuanzia 2003, kama 12,000 wa jamii hizo wakapelekwa Marekani. Wengine walishuka na bahari hadi Tanzania. Safari hii hawakuwa wakienda ugenini, walikuwa wakiitafuta Handeni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Vyeti hawakuwa navyo. Walikuwa na lugha, na majina ya koo ambayo wenyeji wa Handeni waliyajua kwa sababu ni yao pia. Mtu katoka Somalia, anakusalimu kwa lugha ya nyanya yako, utamwambia nini? Serikali iliwaweka Mkuyu, kisha ikawapa ardhi Chogo, humohumo wilayani Handeni, na baadaye wengi wakapewa uraia. Kwenye karatasi waliingia kama wakimbizi wa Kisomali. Shambani wakapanda mahindi, wakisubiri mvua ileile iliyowakosa babu zao.