Chanjo ya mafua katika maduka ya dawa, Bugene

Chanjo ya mafua katika maduka ya dawa ni utaratibu wa kumchoma mtu sindano ya kumkinga na virusi vya influenza palepale anaponunulia dawa, bila kumtaka apange foleni hospitalini. Bugene ni kata ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera. Omurushaka, mji wake mdogo, ni njia panda ya magari yanayotoka Kyaka na yanayoelekea Kayanga au Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Utaratibu huo haujawa sehemu ya huduma za afya huko, kwa kuwa chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo ya Tanzania. Wanaoutetea hutaja ukaribu: duka la dawa li jirani na watu kuliko kituo cha afya. Hoja hiyo ni ya kweli ila haijitoshelezi. Katika mazingira ya Bugene, duka la dawa linafaa zaidi kumtambua anayehitaji chanjo na kumwelekeza kuliko kumchoma sindano, na hata kazi hiyo ya kuelekeza itakuwa bure endapo serikali haitakuwa imeleta chanjo yenyewe.

Kwanza, je, ugonjwa wenyewe unastahili gharama hiyo? Wengi huyachukulia mafua kuwa jambo la tangawizi na blanketi, na kwa kijana mwenye afya mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa kuathiri njia ya hewa, na karibu vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka mitano vinavyotokana nayo hutokea katika nchi zinazoendelea. Kwa Tanzania, ushahidi unaozungumza zaidi ni utafiti uliofanywa mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa. Malaria ilipatikana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi tu, ilhali zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Karagwe si Ifakara. Ni nyanda za juu zenye migomba, kahawa na asubuhi za baridi. Hata hivyo mazoea ni yaleyale: homa ikipanda, mtu hufikiria malaria na kununua dawa yake, kisha hununua antibayotiki, na kirusi hakitikiswi na dawa yoyote kati ya hizo mbili. Tena Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na wanaoishi na VVU ni miongoni mwa watu ambao influenza huwaelemea. Jaribio lililofanywa Soweto, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba chanjo aliyopewa mama mjamzito ilipunguza influenza kwa karibu nusu, kwake yeye na kwa mtoto wake mchanga. Kwa wajawazito wenye VVU kinga ilizidi nusu kidogo. Nusu si ukamilifu, lakini mtoto wa chini ya miezi sita hana njia nyingine ya chanjo ya kumkinga, kwa sababu yeye mwenyewe bado hachanjwi.

Kuhusu mahali pa kutolea, historia inaipa Tanzania hoja ambayo nchi nyingi hazina. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu, yaani DLDM. Maduka ya awali yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti pekee, lakini mengi yaliuza chochote kilichotakiwa. Badala ya kuyafunga na kuwaacha wanavijiji bila dawa, mamlaka iliwafundisha wamiliki na watoa dawa, ikaweka orodha ya dawa zinazoruhusiwa, zikiwemo antibayotiki chache, kisha ikaanzisha ukaguzi. Mpango ukaenea nchi nzima. Ruzuku ya dawa mseto ya malaria ilipokuja kati ya 2010 na 2012, ilipitia pia katika maduka hayo, na bei ikashuka. Kwa hiyo anayesema muuza duka wa kijijini hawezi kubeba jukumu la afya ya umma anakanushwa na miaka zaidi ya ishirini ya mpango huo.

Hapo ndipo watetezi wanaporuka hatua moja. Wanasema: kama aliweza kufundishwa kutoa dawa mseto, afundishwe na sindano. Mifano yao hutoka Ureno, ambako famasi zilipewa ruhusa ya kuchanja mwaka 2007, na Uingereza, ambako huduma ya kitaifa ya chanjo ya mafua katika famasi ilianza mwaka 2015. Mifano hiyo ni mizuri, lakini itazamwe vizuri. Anayechoma sindano kule ni mfamasia aliyesajiliwa, au mtu aliye chini yake. Chanjo hununuliwa au kulipiwa na mfuko wa umma. Kumbukumbu humfikia daktari wa mgonjwa. Famasi zenye mfamasia nchini Tanzania zimejikusanya mijini. Mtoa dawa wa DLDM ana mafunzo ya wiki chache juu ya msingi wa uuguzi msaidizi au unaokaribiana na huo, na masharti ya leseni hayamruhusu kuchoma sindano dukani. Katazo hilo lina sababu. Mzio mkali baada ya chanjo hutokea kwa nadra sana, lakini ukitokea hudai adrenalini ndani ya dakika chache na mkono unaojua kuitumia.

Halafu kuna friji. Chanjo ya mafua hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda huharibika. Lami ya Kyaka–Bugene, kilomita 59.1, imeirahisisha safari ya masanduku ya baridi kutoka upande wa Bukoba, ila umeme ukikatika usiku duka halina jenereta kama ya hospitali. Zaidi ya hapo, chanjo hii haiwekeki akiba. Aina za virusi huchaguliwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, na dozi zilizobaki hutupwa msimu ukiisha. Bugene ipo takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, ambako virusi huweza kuzunguka mwaka mzima. Kuchagua toleo na mwezi wa kuchanja ni kazi ya ufuatiliaji wa kitaifa wa influenza, ambao Tanzania imekuwa nao tangu 2008. Mfanyabiashara akiachiwa abahatishe, hasara ya dozi zilizokwisha muda ni yake, na mwaka unaofuata hataagiza tena. Huu, kwa maoni ya mwandishi, ndio udhaifu mkubwa kuliko suala la ujuzi.

Mpangilio unaoafiki hali hii ni wa nusu kwa nusu. DLDM ziwe na orodha fupi ya walengwa: mzee, mwenye kisukari, mwenye pumu, anayeishi na VVU. Mtoa dawa akimwona mmoja wao anaponunua dawa, ampe karatasi ya rufaa. Muuguzi kutoka kituo cha afya aje Omurushaka na sanduku la baridi siku ya soko, achanje karibu na maduka hayo, na arudi na dozi zilizobaki jioni. Somo la UVIKO-19 linaunga mkono njia hii: chanjo zilizinduliwa Julai 28, 2021 zikitolewa katika vituo vilivyoteuliwa, na mwitikio ulikuwa hafifu mpaka wachanjaji walipowafuata watu nyumbani na masokoni.

Pingamizi zito zaidi ni la vipaumbele. Mkoa uliopambana na virusi vya Marburg mwaka 2023 Bukoba na tena mwaka 2025 Biharamulo unaweza kuuliza kwa haki kwa nini fedha ziende kwenye mafua. Jibu haliwezi kuwa kumchanja kila mtu. Dozi za mwanzo ziende kwa watumishi wa afya, wakiwemo wa Hospitali ya Nyakahanga wilayani Karagwe, na kwa wajawazito, ambao tayari huhudhuria kliniki na hivyo hawahitaji duka kabisa. Duka linaingia kwa wazee na wenye magonjwa sugu, ambao wengi huonekana kaunta pekee. Kundi hilo litachanjwa endapo tu sindano itakuwa ya bure au itaingizwa katika kitita cha bima chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ikiuzwa kwa bei ya soko, watakaoinunua Omurushaka ni wafanyabiashara na watumishi wenye mshahara, na mzee aliyepewa rufaa ataondoka na panadol.