"Ofa": Historia Fupi ya Bei ya Ardhi kutoka Mapinga hadi Bagamoyo

Katika Kiswahili cha ofisi zetu za ardhi, neno "ofa" lina maana inayomshangaza mgeni. Kwa Mtanzania wa makamo ofa ni karatasi: barua ya toleo, ambayo kwayo serikali humwarifu mwombaji kwamba amepewa kiwanja. Mtoaji alikuwa dola. Mwananchi alipokea, akalipa ada, akashukuru. Leo, katika barabara ya Bagamoyo, ofa ni dau la mnunuzi mbele ya mwenye shamba asiye na haraka ya kuuza. Naamini mageuzi hayo ya neno moja yanaeleza kwa nini watumishi wengi wa umma, mabingwa wa hesabu kazini, hushindwa kutaja bei ya maana wafikapo Mapinga au Kerege.

Kwa muda mrefu mwenye ardhi wa Mrima hakuulizwa bei. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani hii. Kampuni ilipoanza kazi Agosti mwaka ule, miongoni mwa amri zake ilikuwa wenye mashamba na nyumba wathibitishe miliki zao na kuziandikisha. Vita vya Abushiri bin Salim, vilivyofika Bagamoyo Septemba 1888, vilikuwa na sababu nyingi, ushuru na fedheha ya bendera zikiwemo. Lakini hofu ya shamba kuwa la mwingine kwa kukosa karatasi haikuwa ndogo. Novemba 1895 Wajerumani walitangaza ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa ya Dola. Waingereza, kwa sheria ya 1923, wakaiweka chini ya gavana.

Mwaka 1958 Nyerere aliandika Mali ya Taifa, akipinga pendekezo la kuleta miliki ya ardhi ya kudumu. Alihofu kwamba wachache wenye fedha wangekuwa mabwana na waliobaki wapangaji. Mwaka 1963 miliki za aina hiyo zilizokuwapo zikageuzwa upangaji wa miaka 99. Kanuni iliyotawala baadaye ni kwamba ardhi tupu haina bei. Chenye bei ni jasho, yaani nyumba, kisima, mikorosho, minazi. Kwa watu wa pwani wazo hili halikuwa geni, maana huku mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mwingine. Hata hivyo watu waliuza. Waliuza pagale, au msingi wa matofali machache, ili mkataba uwe na kitu cha kutaja. Mimi naiheshimu hofu ya Mwalimu kuliko kanuni hiyo, ambayo haikuizuia bei isiwepo, iliizuia isijulikane.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilikiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na marekebisho ya 2004 yakafungua njia ya kuuza ardhi tupu. Soko halali, basi, ni changa sana. Mnunuzi wa kawaida hana daftari la mauzo analoweza kulifungua. Kumbukumbu ya bei imo kichwani mwa dalali, naye hulipwa kwa asilimia.

Juu ya hayo ikaja bandari. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru nchini, mkataba wa awali ulitiwa saini. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. 2016 mradi ukasimamishwa. 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti yake. 2021 Rais Samia akatangaza kurejea mezani. Wakazi wa Zinga, Pande na Mlingotini walithaminiwa mali zao kwa ajili ya fidia, na katika fidia bei hupangwa na mthamini. Sioni ajabu kwamba jirani yao aliyebaki na shamba anapanga yake mwenyewe, tena ya juu. Tangazo humpa sababu ya kupandisha; usitishaji humpa tu sababu ya kungoja.

Mnunuzi mwenye mshahara afanyeje? Asianze kwa nusu ya bei akidhani yuko Kariakoo: mashamba haya mengi ni ya urithi, na dau la kejeli mbele ya wazee wa ukoo hufunga mlango. Aulize majirani, si dalali peke yake, viwanja vitatu vya kitongoji hichohicho vilivyouzwa karibuni vilifikia ngapi hasa. Hapo atoe gharama za upimaji, hati, maji na umeme. Sehemu ya bei inayotegemea bandari aitaje waziwazi na kuikataa kwa adabu, kwa kuwa bandari haijajengwa. Warithi wote wakubali kwanza, na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ihusike, kabla ya kishika uchumba chochote kutolewa.

Wanaonijia kwa ushauri huwaambia waandike tarakimu mbili nyumbani, kabla ya kupanda basi: dau la kwanza, na lile wasilolivuka. Wengi hurudi na la pili limevukwa kwenye Zinga. Wachache huendelea na safari hadi Fukayosi, barabara ya Msata, mbali na bahari, ambako mwenye shamba bado huuliza, "Wewe una ngapi?"