Haradali ya mlimani: ndugu wa loshuu aliyebadilishiwa jina

Anayenunua loshuu Kijenge huenda hajui kwamba mboga hiyo ina ndugu wa porini, anayeota kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Ni mmea mwembamba wenye viua vyeupe vidogo sana. Unaweza kuukanyaga ukapita zako. Kumbe ni kati ya mimea iliyochunguzwa zaidi duniani.

Kitaalamu unaitwa Arabidopsis thaliana. Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, ndiyo maana hapa tunasema haradali ya mlimani tu.

Thaliana linatokana na Johannes Thal, daktari Mjerumani aliyeuelezea katika karne ya 16 kwenye milima ya Harz. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden akauita Arabis thaliana. Mwaka 1842 Gustav Heynhold akauhamishia jenasi nyingine, Arabidopsis, maana yake "unaofanana na Arabis". Mmea ukihamishwa jenasi, jina la kwanza hubadilika na la pili kwa kawaida hubaki. Ni kama kubadilishiwa ukoo ukabaki na jina lako.

Hapo ndipo watu huchanganya, maana Arabis wenyewe nao wapo. Arabis alpina huota kwenye milima hiyohiyo, nao una maua meupe, ila makubwa zaidi, na huishi miaka kadhaa. Arabidopsis ukishatoa mbegu unakufa.

Yote miwili ni jamii ya haradali: petali nne zilizopangana kama msalaba, na ganda la mbegu linalopasuka pande mbili. Humo wamo pia kabichi, sukuma wiki, figili na loshuu yenyewe, yaani Brassica carinata.

Mwaka 2000 Arabidopsis ukawa mmea wa kwanza kusomwa jenomu yake yote. Lakini kwa muda mrefu sampuli nyingi zilitoka Ulaya, Afrika ikaonekana kama pembezoni. Utafiti wa mwaka 2017, uliojumuisha mimea ya Morocco na Tanzania, uligeuza hesabu: tofauti nyingi zaidi za kinasaba, na historia ndefu zaidi ya spishi hiyo, zimo Afrika. Jina ni la Harz, ukongwe ni wa huku.

Ukipanda Meru ukaona ua jeupe la petali nne, usiwahi kulipa jina. Piga picha ya majani ya chini na maganda ya mbegu. Kung'oa hairuhusiwi, mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.