Kadi, Majukumu na Uigizaji: Historia Fupi ya Ufundishaji wa Fikra za Vitu katika Taaluma ya Kompyuta

Historia ya taaluma ya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya mashine na lugha za programu. Jinsi wanafunzi walivyofundishwa kufikiri kwa lugha hizo ni suala lililoandikwa kwa uchache zaidi. Makala haya yanalifuatilia suala hilo tangu Oslo katika miaka ya 1960 hadi New Orleans mwaka 1989, yakiongozwa na swali moja: je, ugumu anaokabiliana nao mwanafunzi umo katika sheria za lugha ya mashine, au katika namna ya kuutazama ulimwengu kabla ya kuandika hata mstari mmoja?

Chimbuko la fikra za vitu ni kazi ya Wanorwe wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl. Wao walitafuta njia ya kueleza mifumo halisi, kama vile foleni za wateja, ili iweze kuigwa ndani ya kompyuta. Katika lugha yao ya Simula 67, kila kitu hubeba habari zake na vitendo vyake. Vitu vinavyofanana huwekwa katika jamii moja, na jamii moja yaweza kuzaa nyingine inayorithi tabia zake. Msemaji wa Kiswahili hatalishangaa wazo hilo. Akishajua ngeli ya neno jipya, hujua papo hapo jinsi litakavyopatana na kitenzi na kivumishi. Hata hivyo, mlinganisho huo una mpaka wake: nomino hazitumiani ujumbe, bali vitu vya programu huishi kwa kutumiana ujumbe.

Hatua ya pili ilipigwa Palo Alto, Marekani, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox. Huko Alan Kay na wenzake walibuni lugha ya Smalltalk kuanzia mwaka 1972, na pamoja na Adele Goldberg wakaifundisha kwa watoto. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1977 yalitia moyo: msichana wa miaka 12 alikuwa ametengeneza chombo cha kuchorea, na mvulana wa miaka 15 mfumo wa kuchora saketi za umeme. Lakini Kay mwenyewe alieleza mwaka 1993 kwamba mafanikio hayo hayakuenea kwa wanafunzi wote. Watu wazima wapatao 20 wasiokuwa wanaprogramu walishindwa kutunga daftari dogo la majina na anwani, ingawa sheria za lugha walikuwa wamefundishwa. Utatuzi ulipochambuliwa, ulionekana kuficha mawazo 17 ambayo hayakuwa dhahiri kwa mwanafunzi. Ndipo Goldberg alipoweka hatua ya kati: karatasi za usanifu, ambazo mwanafunzi alizitumia kubainisha jamii za vitu na ujumbe wao kabla ya kujishughulisha na utekelezaji.

Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walitoa mbinu iliyo rahisi zaidi. Kila jamii huandikwa kwenye kadi ya inchi 4 kwa 6: jina lake, majukumu yake, na washirika wanaoisaidia kuyatimiza. Wanafunzi huigiza tukio, na anayeishika kadi husema kwa niaba ya kitu chake. Chukua mfano wa maktaba ya chuo. Nani ajue kwamba muda wa kuazima kitabu umepita: Kitabu, Msomaji, au Azimo lenyewe? Ubishi unaozuka mezani ndio somo. Kwa mujibu wa wabunifu hao, lililo gumu zaidi ni kumfanya mwanafunzi aache tamaa ya kuona na kuendesha mambo yote kutoka juu. Akiwa na kadi mkononi, analazimika kujua yale tu ambayo kitu chake kinayajua.

Mbinu hiyo ina upungufu wake. Kadi haiwezi kuthibitisha kwamba programu itafanya kazi, na mfano mwepesi mno haumwonyeshi mwanafunzi kwa nini anahitaji vitu. Kwa sababu hiyo Nygaard, hadi alipofariki mwaka 2002, alisisitiza kwamba wanaoanza wapewe mifano yenye uzito wa kutosha, kama shughuli za mkahawa wenye wateja na wahudumu.

Kwa muhtasari, historia hii inaonyesha kwamba ugumu mkubwa ulikuwa katika kugawa majukumu, wala si katika kukariri sheria. Zoezi la kubuni na kuigiza, basi, si mchezo wa kutangulia somo. Ni somo lenyewe. Nalo halidai mashine wala umeme, ila karatasi, kalamu na watu walio tayari kusikilizana. Chuo chenye kompyuta chache hakina sababu ya kungoja.