Monita ya kifaa cha kutuliza kamera: jicho la mpigapicha na jiwe la mizani

Bibi arusi huingia ukumbini mara moja, na mkimbiaji hukata utepe mara moja. Mpigapicha anayewafuata kwa miguu, kamera ikielea mbele yake juu ya kifaa cha kutuliza mtikisiko, hana nafasi ya pili. Katika dakika hizo jicho lake haliko kwenye kamera. Liko kwenye monita, kioo kidogo kilichofungwa chini ya kamera, karibu na kiuno chake.

Kwa sababu hiyo, kuichagua monita na kuifunga ni jambo zito kuliko linavyoonekana dukani. Wanunuzi wengi hutazama ukubwa wa kioo na bei. Kwenye kifaa cha kutuliza kamera kuna swali jingine linalopaswa kutangulia: monita ina uzito gani, na uzito huo utakaa wapi? Hapo monita ni jicho la mpigapicha, na papo hapo ni jiwe la mizani.

Asili ya kifaa

Kifaa hicho kilibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1970 na Garrett Brown, mpigapicha wa mjini Philadelphia. Kabla yake, kamera ya sinema iliyotakiwa kusogea bila kutikisika ilipandishwa juu ya toroli na kusukumwa kwenye reli. Vinginevyo ilishikwa mkononi, na watazamaji wakavumilia picha inayoyumba.

Uvumbuzi wa Brown, ulioingia sokoni kwa jina la Steadicam, ulitumika katika filamu za Bound for Glory na Rocky, zote za mwaka 1976. Katika Rocky kamera inamfuata mwanamasumbwi akipanda mbio ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia. Mwaka 1978 Brown na wahandisi wa kampuni ya Cinema Products walitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Kifaa kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kizibao kigumu kinachovaliwa na mpigapicha ili uzito ubebwe na kiwiliwili. Ya pili ni mkono wa springi unaomeza mishtuko ya hatua zake. Ya tatu ni nguzo: kamera hukaa juu yake, betri na monita hukaa chini. Kati ya ncha hizo, juu kidogo ya kitovu cha uzito, kuna gimbali, yaani kiungio chenye beringi kinachoiruhusu nguzo kuelekea upande wowote bila kuburutwa na mkono.

Utulivu wake hutokana na uzito uliotawanywa. Kitu kilichokusanyika mahali pamoja hugeuzwa kwa urahisi, lakini uzito uleule ukigawanywa katika ncha mbili zilizo mbali hukataa kugeuzwa ghafla. Mchukuzi wa mzega anaijua kanuni hiyo. Ndoo mbili katika ncha za mti mrefu humlazimu kugeuka taratibu, na ndoo moja ikipungua maji, mti wote huinama.

Kwa nini monita iko chini

Mpigapicha hawezi kuweka jicho lake kwenye kamera yenyewe. Uso ukiigusa, kila pumzi na kila hatua vitahamia kwenye picha, na kazi yote ya springi na gimbali itapotea. Picha ndiyo inayopaswa kumfuata yeye, naye aitazame kwa mbali huku akiona pia njia anayopita, ngazi, nyaya za sakafuni na watu.

Monita za awali zilikuwa na kioo kinene cha mtindo wa televisheni za zamani, na zilionyesha picha ya rangi ya kijani iliyokuwa kali kiasi cha kuonekana juani. Zilikuwa nzito, lakini uzito huo haukuwa hasara: ulihesabiwa pamoja na betri kuwa mzani wa chini unaoikabili kamera iliyo juu. Monita bapa za leo zimepunguza mzigo mgongoni kwa mpigapicha. Hata hivyo, hesabu ya mizani haikufutika, na anayeisahau huikumbuka kazini.

Mambo ya kutazama wakati wa kuchagua

Mwangaza hutangulia. Hupimwa kwa niti, na niti 1 ni sawa na kandela 1 kwa mita mraba. Skrini nyingi za kawaida hutoa niti kati ya 300 na 500, kiwango kinachotosha ukumbini. Nje, wakati wa jua la saa saba mchana, picha hiyo hufifia hata uso wa mtu usitambulike. Monita za kazi za nje hutengenezwa kwa niti 1,000 na kuendelea, na baadhi huvuka 2,000.

Tatizo la jua ni kubwa zaidi kwenye kifaa hiki kuliko kwenye kamera ya miguu mitatu, kwa kuwa monita hulazwa ikiangalia juu, kuelekea uso wa mpigapicha, na hivyo huakisi anga yote. Katika nchi za ikweta, ambako jua la adhuhuri husimama utosini, kofia ya kivuli inayozunguka kioo na tabaka la kupunguza mng'ao si mapambo. Lakini mwangaza mkubwa una gharama zake: hula betri haraka na huleta joto, na baadhi ya monita kali zina feni inayoweza kusikika katika mahali pa kimya.

Ukubwa ufuate umbali. Kwa kuwa kioo kiko karibu na kiuno au chini yake, mpigapicha hukitazama kutoka umbali unaozidi nusu mita. Kioo cha inchi 7 kinafaa kwa kazi nyingi. Cha inchi 5 hutosha kwenye vifaa vidogo vyenye kamera nyepesi. Muhimu pia ni kwamba picha isibadilike rangi wala kufifia ikitazamwa kwa pembeni, kwa maana mpigapicha hubadili upande anaposogea.

Njia ya picha nayo ina uzito wake. Kamera ndogo hutoa picha kupitia tundu la HDMI, ambalo kwa kawaida halina kufuli, hivyo waya wake unaweza kuchomoka kwa kuvutwa kidogo. Tundu la SDI, linalopatikana kwenye kamera za televisheni na sinema, hufungwa kwa kuzungushwa na hushika imara. Picha ya kupitia hewani huondoa waya, ila huchelewa, na hata sehemu ndogo ya sekunde humfanya mpigapicha kufuata jambo lililokwisha kupita. Kwa monita ya anayeendesha kifaa, waya bado ndiyo njia ya kuaminika.

La mwisho ni umeme. Monita ndogo nyingi hutumia betri ya volti 7.2 inayobandikwa mgongoni. Betri kubwa za sinema zina volti 14.4, na zikiwa zimejaa hukaribia 16.8. Kabla ya kuunganisha monita na betri ya aina hiyo ni lazima kuhakikisha kwamba kiwango hicho kimo ndani ya mipaka iliyoandikwa na mtengenezaji. Aidha, betri iliyobandikwa mgongoni mwa monita ni sehemu ya uzito wake: ikibadilishwa kwa nyingine kubwa zaidi katikati ya kazi, mizani hubadilika.

Kuifunga isilegee

Monita nyingi zina tundu la skrubu ya robo inchi, yenye hesi 20 kwa kila inchi. Vifungio vikubwa hutumia skrubu ya inchi 3/8 yenye hesi 16. Skrubu moja peke yake huweza kuzunguka na kulegea, kwa hiyo ni bora monita ishikwe mahali pawili, au kwa kifungio chenye vipini vidogo vinavyozuia mzunguko. Vifaa vingi hubeba monita juu ya fito mbili za chuma zenye kipenyo cha milimita 15, zinazoruhusu kuisogeza mbele na nyuma.

Kifungio kisicheze hata kidogo. Monita inayotetemeka kila hatua huirudisha kwenye nguzo ile mitikisiko ambayo springi zimekwisha kuimeza. Vilevile ikae sambamba na kamera: ikiinama upande mmoja, hata kwa kiasi kidogo, jicho hudanganyika na upeo wa macho katika picha huenda mshazari. Pimamaji dogo lililobandikwa chini ya kioo, au mstari wa usawa unaoonyeshwa na monita yenyewe, husaidia kulikamata kosa hilo mapema.

Waya uwe mwembamba na laini. Katika nguzo zenye uwazi ndani, waya hupita humo. Ule unaopita nje uachiwe mzingo wa kutosha ili nguzo igeuke bila kuvutwa, kisha sehemu iliyobaki ifungwe imara kwenye nguzo. Waya mgumu hufanya kazi ya springi isiyotakiwa: husukuma, na kamera huanza kujirudisha upande mmoja bila kuguswa.

Hesabu ya mizani

Kusawazisha huanza baada ya kila kitu kuwa mahali pake: lenzi, kadi, betri, waya, kofia ya kivuli. Kwanza kamera husogezwa mbele, nyuma na pembeni hadi nguzo isimame wima yenyewe. Kisha nguzo hulazwa hadi iwe mlalo na kuachiwa. Inapaswa kuchukua takriban sekunde 2 hadi 3 kufika wima. Ikishuka upesi, chini kumezidi uzito. Ikikaa bila kushuka, au kamera ikishuka yenyewe, juu ndiko kulikozidi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha nafasi ya monita, uzito wa nguzo ukiachwa kando. Kamera ya kilo 6 imekaa sentimita 20 juu ya gimbali: 6 mara 20 ni 120. Chini, monita ya kilo 1 iko sentimita 30 kutoka kwenye gimbali, na betri ya kilo 1.5 iko sentimita 60: 30 na 90 hufanya 120. Pande mbili zimelingana, na kushusha betri kidogo tu kutaipa nguzo uzito wa chini unaohitajika.

Sasa monita hiyo ibadilishwe kwa nyingine mpya, nyepesi, ya kilo 0.4. Mchango wake washuka kutoka 30 hadi 12, na jumla ya chini yawa 102. Kamera imezidi. Kifaa kilichokuwa kimetulia jana, leo kitataka kupinduka kichwa chini, na mpigapicha atashindana nacho kwa mkono hadi mwisho wa sherehe. Dawa ni moja kati ya mbili: kufunga kipande cha chuma cha kilo 0.6 mahali pa monita, au kurefusha nguzo hadi betri ishuke sentimita 12 zaidi.

Kuna mizani nyingine inayoonekana tu kifaa kinapogeuka. Nguzo inaweza kusimama wima ikiwa imetulia, lakini ikayumba ikizungushwa. Sababu ni kwamba monita na betri hazipo kimo kimoja. Kadiri monita inavyopandishwa juu ya betri, ndivyo kamera inavyopaswa kurudishwa nyuma ya mstari wa nguzo. Katika mfano wa kwanza, monita ikiwa sentimita 30 mbele ya nguzo, kamera hukaa karibu sentimita 2 nyuma na betri sentimita 12.5 nyuma. Jaribio lake ni rahisi: nguzo izungushwe taratibu kwa vidole, na kamera ibaki imenyooka mzunguko wote.

Vifaa vya mota

Tangu mwaka 2013 vimeenea vifaa vya kushikwa mkononi ambavyo mota zake huisawazisha kamera kwa umeme. Kanuni hapa hubadilika. Monita ikifungwa juu ya kamera, ndani ya eneo linaloendeshwa na mota, huongeza mzigo, mota hupata joto na betri huisha mapema. Mahali pake ni kwenye mpini, nje ya eneo hilo, ambako uzito wake hauigusi mizani ya kamera. Kinachobaki kuangaliwa ni waya unaovuka mota: uwe mwepesi na wenye mzingo wa kutosha.

Kwa aina zote mbili, mizani ya jikoni na futi ya fundi ni zana za kazi sawa na lenzi. Anayepima monita yake kabla ya kuinunua, akaandika uzito huo pamoja na umbali wa kila kifaa kwenye nguzo, ataweza kukifungua kifaa chote, kukisafirisha na kukirudisha kama kilivyokuwa kabla wageni hawajaketi. Asiyefanya hivyo atakuwa akisogeza betri na kutafuta skrubu wakati bibi arusi anapita mlangoni.